Kwaya, Utenzi na Kivuli cha Mohoro

Kwaya ya kijiji inapojiandaa kwa tamasha, jambo la kwanza inalolitafuta ni sauti moja. Mwalimu humkanya anayetangulia, humngoja anayechelewa, mpaka vinywa thelathini viwe kinywa kimoja. Kazi hiyo ni ya haki. Lakini wimbo ukiwa ni Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, na waimbaji wakiwa ni watu wa Kibiti na delta ya Rufiji, umoja huo wa sauti waweza kuwa kosa la ufasiri.

Utenzi haukutungwa kwa ajili ya kwaya. Ni mali ya mghani mmoja na wasikilizaji wake: vipande vinne, kila kimoja mizani nane, vitatu vya mwanzo vikishika kina kimoja, cha nne kikirejea kwenye bahari. Kwaya ikivipokea vyote kwa nguvu sawa, ubeti wa kifo hutembea kwa mwendo wa ubeti wa safari, na msikilizaji hubaki na mlio bila habari. Dawa imo ndani ya umbo lenyewe. Vipande vitatu na apewe mghani, cha nne kiitikiwe na wote. Wapiga kasia hawahitaji kufundishwa jambo hili: mmoja huanzisha, wengi hupokea.

Utaratibu huo una maana kubwa zaidi ya muziki. Vita vilipoanza Julai 1905, watu wa Umatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, pembezoni mwa delta, tarehe 4 Agosti 1905. Maji yale yaliwakusanya watu wa makabila mengi chini ya neno moja, na wengi walikufa wakiliamini. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile (1969), alilishika hapo hapo: neno likishatoka kinywani huwa kubwa kuliko aliyelisema, naye hawezi tena kulirudisha.

Kwaya inayoimba habari hizi yapaswa kuionesha hatari hiyo, isiifunike kwa utamu wa sauti. Mghani na asikike akiwa peke yake, hata akitetemeka kidogo. Itikio nalo liwe zito kiasi cha kumtisha. Hapo hadhira itasikia jinsi mtu mmoja anavyozidiwa na umati aliouita mwenyewe.

Basi mazoezi yasiishie kwenye kulinganisha sauti. Kabla ya kupanga nani aimbe juu na nani aimbe chini, beti zisomwe polepole, wazee wakiwepo, na kila mwimbaji aulizwe: hapa anayesema ni nani? Kwaya isiyo na jibu itashangiliwa, kwani makofi ni rahisi. Yenye jibu huenda ikapokewa kwa kimya. Na kwa waliozaliwa jirani na Mohoro, kimya hicho ndicho pongezi.