Nani Alimpa Gabriel Kazi?

Riwaya ya Gaël Faye, Petit pays, ilitoka Ufaransa mwaka 2016 na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa lisee. Hapa kambini nimeona wengi wakiisoma kama kitabu cha kumbukumbu: Bujumbura, maembe, ziwa, kisha vita. Mimi naisoma kwa sababu nyingine. Kila mwaka kwenye semina tunaulizwa: kijana anaingiaje kwenye fujo? Kitabu hiki kinajibu.

Jibu la semina tunalijua wote: eti hana kazi. Mpe cherehani, mpe cheti, atatulia. Sasa mwangalie Gabriel. Baba yake ni Mfaransa mwenye biashara, na nyumbani kwao Kinanira kuna mpishi na dereva. Njaa haijui. Lakini karibu na mwisho ni yeye anayerusha Zippo kwenye teksi iliyomwagiwa petroli, na ndani yake kuna mtu. Ukishika jibu la semina peke yake, ukurasa ule hutauelewa.

Faye anatueleza polepole, na hapo ndipo nguvu yake. Wavulana wa mtaa mmoja wanaanza na michezo: kuiba maembe ya majirani, kukaa ndani ya Combi bovu la Volkswagen. Rais Ndadaye anauawa Oktoba 1993, vita vinaingia mjini, na kundi lile linapata kazi: kulinda mtaa. Gino anaishikilia kazi hiyo kwa moyo wote. Francis, kijana mkorofi aliyekuwa adui yao, anapokelewa, maana sasa ngumi zake zina faida. Wakati huohuo baba yake Gabriel anamwambia mambo ya siasa si ya watoto. Wanaomwambia "tunakuhitaji" ni wenye silaha. Basi anakwenda kwao, tena bila kupenda, na hilo ndilo linalotisha.

Ninapogombana na kitabu ni kwenye njia ya kutoka. Jirani yao Mgiriki, Madame Economopoulos, anamwazima Gabriel vitabu. Kurasa hizo ni nzuri sana, lakini ni wokovu wa mtoto mmoja, sebuleni. Na Francis je? Kamenge, Kinama na Buyenzi tunaziona kwa mbali tu. Msomaji anaweza kufunga kitabu akidhani kwamba kuokoka ni bahati ya kuwa na jirani mwenye maktaba.

Mji wenyewe unajua zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamisionari Waksaveri walianzisha Centre Jeunes Kamenge kwa ajili ya vijana wa kartie za kaskazini, Wahutu na Watutsi pamoja. Palikuwa na mpira, maktaba, masomo, na kambi za kazi ambako vijana hao walisaidiana kujenga nyumba. Mwaka 2002 kituo kilipewa tuzo ya Right Livelihood. Hakikumaliza vita. Ila kilifanya lile ambalo kundi la Gino lilifanya, kwa njia iliyo kinyume kabisa: kilimwambia kijana kwamba mtaa unamhitaji, kisha kikampa cha kufanya.

Tena kazi peke yake inaweza kukatika siku moja. Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013. Machi 2022 pikipiki za abiria, bajaji na baiskeli zikakatazwa katikati ya mji. Kijana mwenye chama na mahali pa kusema anajua pa kupeleka malalamiko yake. Asiye nacho anamfuata yeyote anayemwita.

Na mwaka 2015 tuliona. Kuanzia tarehe 26 Aprili vijana wa Musaga, Nyakabiga na Cibitoke waliingia barabarani kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, wakakutana na risasi. Imbonerakure wa chama tawala nao ni vijana, waliopewa kazi na cheo. Wengi wetu tuko hapa Nyarugusu kwa sababu ya mwaka ule. Desemba yake, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 2250, linalotaka vijana washirikishwe kwenye maamuzi ya amani.

Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, cherehani leteni, hatukatai. Lakini kijana wa hapa hatoki kambini bila kibali, na mafundi kumi wakigombania wateja walewale, hiyo si dawa ya fujo. Muiteni kabla bajeti haijafungwa, si siku ya kupiga picha. Mwulizeni kifundishwe nini, achaguliwe nani, pesa ziende wapi. Akikataa mpango wenu, andikeni kwenye ripoti kwamba amekataa, na sababu zake.

Nanyi vijana wenzangu, kitabu kisomeni. Mkifika kwenye ile teksi, rudini nyuma mhesabu watu wazima waliomuuliza Gabriel anafikiri nini, wakakaa kumsikiliza. Mimi nilimpata mmoja tu, yule bibi wa vitabu. Mtaa mzima, mmoja.