Uhakiki wa Regresheni ya Polinomia na ya Trigonometria katika Uchanganuzi wa Maji Kujaa na Kupwa

Vipimo vya kimo cha bahari vilivyochukuliwa kila saa kwa siku 3 katika bandari ya Mombasa au Zanzibar vinaweza kufuatwa kwa ukaribu na polinomia yenye digrii ya juu ya kutosha, na kipimo cha R² kikakaribia 1. Watafiti wengi huishia hapo. Hata hivyo, R² ya data ileile haishuki kamwe kila kizigeu kipya kinapoongezwa. Kwa hiyo kupanda kwake hakuthibitishi lolote kuhusu bahari. Siku ya nne inapowadia, kipeo cha juu hutawala mlinganyo mzima na maji yaliyotabiriwa hupaa kuliko minara ya mji, au huzama chini ya sakafu ya bahari. Ndani ya data nako si salama: mwaka 1901 Runge alionyesha kwamba polinomia inayopitishwa katika nukta zenye nafasi sawa yaweza kuyumba vibaya kwenye ncha.

Uchanganuzi ulioanzishwa na William Thomson mwaka 1867 ulishika njia nyingine. Vipindi vya mawimbi havikutafutwa katika data. Vilichukuliwa kutoka kwenye mwendo wa mwezi na jua. Wimbi kuu la mwezi lina kipindi cha saa 12.42, la jua saa 12. Vipindi vikishajulikana, vizigeu vya sini na kosini hukadiriwa kwa njia ileile ya miraba midogo kabisa inayotumika kwa polinomia. Tofauti basi haimo katika ukokotoaji, bali katika elimu inayotangulia ukokotoaji.

Udhaifu wa trigonometria nao usifichwe. Mtafiti anayetumia vipindi vya saa 12 na 24 pekee, kwa kuwa ndivyo vinavyolingana na saa ya ukutani, atakuta baada ya siku 7 hivi kwamba amelitabiri wimbi la mwezi kujaa pale linapopwa. Wavuvi wa pwani, ambao hutofautisha bamvua na maji mafu, wasingelikosea hilo: mawimbi hayo mawili hukutana kila siku 14.77. Kwa sababu hiyohiyo rekodi ya siku 3 haiwezi kuyatenganisha vizuri, hata programu ikitoa namba zenye desimali nyingi. Isitoshe, masalio ya saa moja hufanana na ya saa inayofuata, kwa kuwa upepo na kani ya hewa havibadiliki ghafla. Makosa sanifu yanayodhani masalio hayahusiani huwa madogo mno.

Polinomia ina nafasi yake halali, nayo ni finyu: digrii ya 1, kwa badiliko la polepole la usawa wa bahari. Hata hapo rekodi fupi kuliko mzunguko wa mwezi wa miaka 18.6 yaweza kuufanya mstari ulionyooka umeze sehemu ya mzunguko huo.