Fundi Aliyejua Kukaa Pembeni

Mchezo ukinoga jukwaani, sifa humwendea mtunzi na waigizaji. Mwongozaji hasemwi sana, na pengine ndivyo inavyofaa. Andrew Ross wa Perth, magharibi mwa Australia, aliijenga kazi yake juu ya adabu hiyo.

Mwaka 1982 aliongoza The Dreamers, tamthilia ya Jack Davis, mshairi na mtunzi wa jamii ya Wanoongar, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Humo mhusika mzee Worru, kadiri maradhi yanavyomlemea, ndivyo Kinoongar kinavyomrudia mdomoni. Hadhira ya Wazungu, iliyozoea kila kitu kusemwa kwa Kiingereza, safari hii ilibidi itege sikio.

Mwaka 1985 ikafuata No Sugar. Tamthilia hiyo inaeleza jinsi serikali ilivyowahamisha Wanoongar wa mji wa Northam mwaka 1933 na kuwapeleka kambi ya Moore River kwa kisingizio cha upele. Hapa ndipo ufundi wa Ross ulipojidhihirisha. Onyesho halikufungiwa kwenye jukwaa moja. Lilitawanywa sehemu mbalimbali za jengo, na watazamaji wakalazimika kulifuata kwa miguu. Hadithi ya watu wanaoswagwa huku na huko haikutazamwa na mtu aliyeegemea kiti.

Mwaka 1990 Ross aliongoza Bran Nue Dae, mchezo wa nyimbo wa Jimmy Chi na bendi ya Kuckles kutoka Broome. Mji huo wa wazamiaji lulu uko zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kaskazini mwa Perth, na humo damu ya Waaborijini imechanganyika na ya Wajapani, Wachina na Wamalei. Chi mwenyewe alikuwa zao la mchanganyiko huo. Mchezo ulizunguka Australia nzima na vichekesho vyake, matusi yake na lafudhi yake ya Broome. Mwaka uliofuata ilizaliwa kampuni ya maigizo ya Black Swan, Ross akiwa mwongozaji wake mkuu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ross si Mwaborijini, na hakujitia kuwasemea Waaborijini. Alichotoa ni ujuzi: wapi mtu asimame, lini wimbo ukatike, kimya kidumu kwa muda gani. Asidhani mtu kwamba huko ni kukaa bure. Kuuacha mchezo upumue bila kusambaratika kunataka mkono imara kuliko kuamrisha.

Leo No Sugar inasomwa katika shule za Australia. Bran Nue Dae ilipogeuzwa filamu mwaka 2009, aliyeiongoza alikuwa Rachel Perkins, Mwaborijini. Hicho ndicho kipimo cha haki cha mwongozaji anayefanya kazi na hadithi za wengine: baada yake, wenye hadithi wawe wameshika usukani wenyewe. Kwa kipimo hicho, Ross amefaulu.