Bahari Iliyochafuka: Picha za Maggi Hambling

Imekuwa desturi katika uhakiki wetu kusema kwamba mchoraji fulani "ameeleza hisia zake" katika mandhari, kana kwamba hisia ni rangi moja zaidi ya kupakwa juu ya mti au wimbi. Picha za bahari za Maggi Hambling, Mwingereza aliyezaliwa Sudbury katika jimbo la Suffolk mwaka 1945, zatulazimisha kuyapima upya maneno hayo.

Hambling alianza kuichora Bahari ya Kaskazini mwaka 2002. Pwani ya Suffolk ni nchi inayoliwa na maji: Dunwich, uliokuwa mji mashuhuri wa bandari katika karne za kati, umekwisha kuzama karibu wote, na tufani ya mwaka 1286 ilikuwa miongoni mwa zilizouangamiza. Huko Southwold, mchoraji huyu aliyatazama mawimbi yakipiga ukuta wa bahari, ndipo akafanya mfululizo wa "Kuta za Maji", ulioonyeshwa katika National Gallery ya London kuanzia mwaka 2014 hadi 2015. Ni picha za rangi za mafuta, kubwa, nyingi zikikaribia mita 2 kwenda juu na kuzidi mita 2 kwa upana. Hakuna chombo wala nahodha. Rangi imerushwa, ikatiririka, ikaachwa ilipofika.

Mswahili akiiona bahari kama hiyo husema kwamba imechafuka, wimbi limevunjika, povu limetawanyika. Vitenzi hivi havimtaji mtendaji, bali hali iliyofikiwa na kitu chenyewe. Nadhani hiyo ndiyo sarufi ya picha bora za Hambling. Mkono wake haujifichi, lakini mtazamaji haulizi mchoraji alihuzunika kiasi gani; aona jambo limetukia, na alama zake zimebaki katika rangi.

Hata hivyo kanuni hii haikufuatwa daima. Picha moja ya mfululizo huo imepewa jina la Amy Winehouse, mwimbaji aliyefariki mwaka 2011. Yafaa tukumbuke kwamba Hambling ni mchoraji wa sura za watu pia, na kuwakumbuka wafu ni sehemu ya kazi yake ya siku zote. Lakini jina lamrudisha mtendaji tuliyekwisha kumsahau: mara jicho laanza kutafuta uso ndani ya povu, na maji yawa kisingizio. Hapo maombolezo yamo katika anwani kuliko katika rangi.

Basi mhakiki wa Kiswahili hana haja ya kuazima istilahi ili azisome picha hizi. Na aulize kwanza ni nini kilichochafuka, kikavunjika, kikatawanyika mbele ya macho yake. Asipoona lolote, hisia za mchoraji, hata ziwe za kweli namna gani, hazitaiokoa picha.