Picha za Ujiji: Tumeona Nini?

Picha 24 za safari ya wikiendi ya Ujiji, zilizopigwa na wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, zimetundikwa kwenye ubao wa idara. Tunawapongeza. Ile ya mashua ikiundwa ufukweni inastahili sifa ya pekee.

Hata hivyo, picha 15 kati ya hizo ni za mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, na mbele yake wamejipanga wanafunzi wenyewe wakitabasamu. Historia ya Ujiji haikuanzia hapo. Mji huu ulikuwa kikomo cha njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Bagamoyo. Wapagazi na wafanyabiashara wa njia hiyo ndio waliokifikisha Kiswahili ziwani, na hatimaye kwetu Burundi. Mitaa na watu wa mji huo hawaonekani kabisa katika picha hizi.

Kasoro kubwa zaidi imo katika maelezo. Chini ya ile mashua pameandikwa: "Fundi akifanya kazi." Fundi gani? Alikuwa akipigilia mataruma au akitia kalafati? Maneno haya tunayafundisha darasani bila kitu cha kuonyesha, na mwenye kuyajua alikuwa mbele ya kamera. Hakuulizwa hata jina.

Safari ijayo tuanze kwa salamu, tuombe ruhusa, tuulize, ndipo tupige. Na chini ya kila picha ya mtu liandikwe jina lake, akiridhia, na walau neno moja tulilojifunza kwake.