Wimbo Ulio Kitendo: Michezo ya Mijini Katika Sikio la Mtazamaji wa Kibingo

Uhakiki wa michezo ya kuigiza ya Kiswahili umefanywa kwa sehemu kubwa mezani, mbele ya kitabu kilichopigwa chapa. Mhakiki husoma maneno ya wahusika, hupima maudhui na muundo, kisha hutoa hukumu yake. Njia hiyo ina faida zake, wala haifai kubezwa. Lakini husahau kwamba mchezo hutungwa ili uonekane na usikike, na kwamba ukumbini yuko mtu wa tatu asiyekuwa mtungaji wala mwigizaji, naye ni mtazamaji aliyelipa kiingilio chake. Makala haya yanajaribu kumpa mtu huyo nafasi yake. Na ili hoja isiwe ya jumla mno, achukuliwe mtazamaji wa namna moja tu: mtu aliyelelewa Kibingo, katika nchi ya Karagwe ya zamani, ambayo sehemu yake tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, akahamia Dar es Salaam kwa ajili ya kazi, na hakosi mchezo ukitangazwa. Runyambo ndiyo lugha aliyolelewa nayo. Kiswahili alikipata shuleni na sokoni. Je, mtu wa namna hiyo husikia nini katika michezo ya mjini?

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba mtu huyo haji ukumbini na masikio matupu. Katika Karagwe, kama katika nchi za Wahaya zilizo jirani, kuna sanaa ya enanga. Ala yenyewe ni kipande cha mti kilichochongwa mfano wa chano, na juu yake hupitishwa uzi unaokwenda na kurudi mpaka ukawa nyuzi kadhaa. Mpigaji huketi, huipiga, na huku akiimba habari za wafalme na mashujaa. M. M. Mulokozi, ambaye ni mtafiti wa tendi na pia mtungaji wa mchezo wa Mukwava wa Uhehe (1979), aliichunguza sanaa hiyo katika makala yake ya mwaka 1983 na katika tasnifu yake ya mwaka 1986, akaonyesha kuwa ni utendi kamili wenye kustahili kuwekwa pamoja na tendi za mataifa mengine.

Kwa hoja iliyopo hapa, jambo moja la enanga latosha. Hakuna mahali ambapo hadithi husimama kando ili wimbo upite. Mtu mmoja aliyeketi ndiye msimulizi, ndiye mfalme, ndiye adui na ndiye mke anayelia. Naye huwatenganisha kwa sauti na kwa nyuzi tu. Hasira ya mfalme imo katika mapigo, na safari ya shujaa imo katika mwendo wa mapigo hayo. Wimbo ukiondolewa, hapana kinachobaki. Basi mtu aliyezoea jambo hilo huja mjini na kipimo chake, hata kama hajapata kukitaja kwa maneno: wimbo huu ukiondolewa katika mchezo, je, mambo yatabaki kama yalivyokuwa? Yakibaki, wimbo ulikuwa pambo. Yakiharibika, wimbo ulikuwa kitendo.

Kipimo hicho kikipelekwa katika kumbi za Dar es Salaam, hutoa majibu yasiyotazamiwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 burudani iliyovuta watu wengi zaidi mjini humo ilitolewa na vikundi vikubwa vya sanaa kama Muungano na Tanzania One Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1992 chini ya Chama cha Mapinduzi na kuongozwa na John Komba. Onyesho moja liliweza kuchukua saa nyingi, nalo likakusanya ngoma, kwaya, taarabu, sarakasi, vichekesho na igizo. Mtazamaji wa Kibingo hakuwa na sababu ya kunung'unika juu ya wingi wa vitu: kiingilio kilikuwa kimoja na starehe zilikuwa sita. Lakini igizo lilipoanza, aghalabu muziki ulinyamaza. Na muziki uliporudi, igizo lilikuwa limekwisha. Vitu vilipangwa kwa zamu, kama sahani mezani, na kila kimoja kingeweza kuondolewa bila ya kingine kudhurika.

Hata hivyo katika onyesho hilo hilo palikuwa na jambo lililofaulu kipimo, nalo halikuwa jukwaani. Taarabu ilipoimbwa, mwanamke mmoja aliondoka kitini, akacheza mpaka mbele, akamtuza mwimbaji katika ubeti aliouchagua yeye, akirudi amemwelekeza macho mwenzake aliyekusudiwa. Ubeti uliotungwa kwa ajili ya watu wote ukawa umetumwa kwa mtu mmoja, na watu wa meza za jirani wakaelewa. Huo ulikuwa ugomvi, tena wenye mwanzo, kilele na mwisho, na silaha yake ilikuwa wimbo. Ni ajabu kwamba igizo lililotungwa kwa makusudi liliacha nje nguvu ambayo hadhira ilijitengenezea yenyewe kwa noti ya tuzo.

Katika upande wa pili wa mji, mlimani, kuna jukwaa la Chuo Kikuu, ambako michezo iliyo maarufu sana katika vitabu ilizaliwa au ililelewa. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969) umeegemea usemi zaidi ya wimbo. Kwa hiyo msomaji angedhani kwamba sikio la Kibingo litauona mkavu. Sivyo. Mchezo huo wasimulia habari za Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, na kiini chake ni neno lililotoka kinywani mwa Kinjeketile kisha likamshinda. Watu wamelishika, mwenyewe hawezi tena kulirudisha, hata anapotambua hatari yake, na mwisho anakataa kulikana kwa kuwa kulikana kwake kungewavunja wale watakaokuja. Neno hapo limefanya kazi ile ile ambayo enanga huifanyia sauti: limekuwa kitendo. Kwa hiyo kipimo hakidai kila mchezo uwe na ngoma. Chadai tu kwamba sauti yoyote itakayotolewa jukwaani, iwe ya kuimbwa au ya kusemwa, iache alama.

Jambo hilo huonekana zaidi katika kitabu kilichopata wasomaji wachache zaidi, yaani Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976). Humo Hussein aliuacha mpango wa wahusika wengi, akaikabidhi kila tungo kwa mtambaji mmoja. Wahakiki waliozoea mchezo wa maonyesho na matendo wameona taabu kuiweka mahali pake: je, ni shairi, ni ngano au ni mchezo? Mtu wa Kibingo hana taabu hiyo. Mtu mmoja mwenye sauti nyingi ndiyo hali anayoijua tangu utotoni. Kilicho kigeni kwa mwanafunzi wa maigizo ya Ulaya, kwake ni cha nyumbani, ijapokuwa hadithi inatoka pwani na lugha ni ya pwani.

Penina Muhando naye alikwenda njia ya simulizi na ya umati. Katika Nguzo Mama (1982) wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, wala haisimami, kwa kuwa kila mmoja huvutwa kando na dhiki na magomvi yake, huku Bi Msimulizi akiyaunganisha mambo. Akisoma kitabuni, mtu huiona nguzo kuwa fumbo la hali ya mwanamke, naye hakosei. Akiwa ukumbini husikia jambo la zaidi. Kazi ya kuinua kitu kizito kwa pamoja, popote vijijini, yahitaji sauti moja. Na sauti zikiachana, mzigo huanguka kabla mikono haijalegea. Mwelekezaji anayeelewa hivyo huifanya hadhira isikie kushindwa kabla ya kukuona. Mwelekezaji asiyeelewa huweka ngoma kati ya onyesho na onyesho ili watu wapumzike.

Mchezo wake wa Lina Ubani (1984) wagusa jeraha lililo karibu zaidi na Kibingo, maana umo ndani yake mzigo wa vita dhidi ya Idi Amin. Majeshi ya Amin yalivamia Kagera mwaka 1978. Mtazamaji wa Dar es Salaam huona humo historia ya taifa; mtu wa Kagera huona habari za jirani zake. Mbele ya mtu kama huyo wimbo ulio pambo tu hauvumiliki, kwani haulingani na uzito wa jambo. Huo ndio mtihani mkali kuliko yote wa mchezo wowote wa mjini: kuonyeshwa mbele ya mtu anayeijua habari kuliko waigizaji.

Miji mingine ya Afrika Mashariki imetoa ushahidi wake. Kampala, ambao kwa barabara uko karibu na Kyerwa kuliko Dar es Salaam, ulipata mchezo wa muziki wa Byron Kawadwa kwa Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, ambao hata jina lake ni wimbo. Mwaka 1977 mchezo huo ulipelekwa Lagos katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, na mwaka huo huo Kawadwa akauawa chini ya utawala wa Amin.

Nchini Kenya, mwaka huo huo wa 1977, wanakijiji wa Kamiriithu karibu na Limuru waliigiza Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ katika uwanja walioujenga wenyewe. Mchezo ulianza Oktoba. Novemba kibali kikaondolewa. Na siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alieleza kwamba nyimbo na ngoma za mchezo ule zilikuwa sehemu ya mazungumzo yenyewe, na kwamba wanakijiji ndio waliosahihisha namna ya kuziimba. Hapana serikali inayohangaika na pambo. Mwaka 2022 mchezo huo ulionyeshwa Nairobi, mjini, kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza, mbele ya watu walioketi katika viti vya jumba la michezo. Maneno yalirudi, lakini waimbaji wa mwanzo walikuwa wakiimba juu ya ardhi waliyoikanyaga, na jambo hilo halihamishiki kwa tikiti.

Mfano wa mbali zaidi ni The Lion King, mchezo wa muziki ulioanza kuonyeshwa Broadway, New York, mwaka 1997, ukiwa umetokana na filamu ya mwaka 1994. Humo wahusika huitwa Simba na Rafiki, na wimbo mmoja umebeba maneno ya Kiswahili, "hakuna matata", ambayo watalii wa pwani ya Kenya waliyazoea tangu wimbo wa Jambo Bwana wa mwaka 1982. Mtu wa Kibingo, kama mtu wa Dar es Salaam, angesema "hakuna shida" au "hamna neno". Haki yadai pande zote mbili zisemwe. Wimbo wenyewe hufaulu kipimo, maana Simba huuanza akiwa mtoto na kuumaliza akiwa mtu mzima: miaka imepita ndani yake. Lakini maneno ya Kiswahili hayafaulu. Hufasiriwa hapo hapo, na lugha nyingine yoyote ya mbali ingefaa badala yake. Kiswahili kimepanda jukwaa kubwa la dunia kikiwa vazi.

Pengine itajibiwa kwamba hoja hii yawaonea watungaji wa mazungumzo, kama ilivyo katika Mashetani (1971), au wafasiri kama Julius Nyerere, aliyeleta Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Haiwaonei. Antoni akisimama mbele ya umati wa Roma huwageuza kwa hotuba, na mwisho wa hotuba mji si ule uliokuwa. Mtu wa Kibingo hulielewa jambo hilo bila ya kufundishwa.

Lipo, hata hivyo, jambo ambalo hakuna kipimo kitakachoweza kulipima, kwa sababu ushahidi wake unapotea. Michezo ya Kiswahili ikipigwa chapa, aghalabu nyimbo zake huandikwa maneno tu, mistari michache kwa herufi za mlazo, na maelezo mafupi kwamba watu wanaimba au ngoma inalia. Sauti haimo. Mwanafunzi wa shule iliyo mbali na jukwaa hukifungua kitabu cha mtihani, hufika penye wimbo, huusoma kimya kama shairi dogo, au huuruka aendelee na mazungumzo. Kwa hiyo yule ambaye sikio lake limeandaliwa kuliko wote kwa enanga ndiye anayepewa mchezo uliokatwa ulimi. Kisha huambiwa kwamba sanaa hiyo ilikuja kutoka mjini.

Waimbaji walioimba katika maonyesho ya kwanza ya miaka ya 1970 na 1980 wanapungua, na wapigaji wa enanga pia. Kazi ya kukusanya sauti za michezo hiyo, kuzirekodi, kuziandika kwa alama za muziki na kuziweka pamoja na matini, ni kazi ya taasisi za Kiswahili kama ilivyokuwa kazi yao kukusanya maneno kwa ajili ya kamusi. Neno lisiloandikwa huweza kuokotwa tena sokoni. Sauti iliyokufa na mwenyewe haiokotwi. Kazi hiyo ikifanywa, kijana wa Kibingo atakifungua kitabu cha Nguzo Mama, naye atajua jinsi wale wanawake walivyoimba walipokuwa wakivuta.