Saa Ndogo Kando ya Ujumbe

Kenol ni mji uliopata jina lake kwenye kituo cha mafuta, na kazi yake imekuwa kuwagawa wasafiri. Barabara kuu kutoka Nairobi ikifika hapo inapasuka: mkono mmoja unaendelea Makutano, Sagana, Karatina na Nyeri, mwingine unakata kushoto kwenda mji wa Murang'a na migongo ya Nyandarua iliyo nyuma yake. Kwenye barabara kuu mtandao una nguvu. Ukishaingia upande wa migongo, kila bonde lina tabia yake. Juu simu ina vistari vinne, chini kwenye daraja haina hata kimoja, halafu mlima, halafu bonde tena. Abiria aliyeandika ujumbe matatu ikitoka stejini huenda akabonyeza kitufe cha kutuma wakati uleule gari linapozama bondeni. Kando ya maneno yake inatokea saa ndogo ya kijivu. Anairudisha simu mfukoni. Gari likipanda mgongo unaofuata ujumbe unakwenda, na yeye yuko kwenye mazungumzo mengine na jirani yake wa kiti.

Katika dakika hizo chache imefanyika kazi ambayo nataka kuisifu: kusimamia foleni ya jumbe zinazotoka. Wanaoifanya hawajulikani kwa majina, na hakuna mtu aliyewahi kununua simu kwa ajili ya foleni yake. Lakini katika programu ya kuandikiana, rangi na vikaragosi vinaweza kuwa vibaya na watu wakavumilia. Foleni ikiwa mbaya, hakuna programu.

Fundi anajulikana kwenye hatua ya kwanza. Mwandishi wa programu mwenye haraka huuchukua ujumbe na kuurusha mtandaoni papo hapo, na ukikwama anaonyesha hitilafu. Fundi huuandika kwanza. Kabla simu haijaitafuta seva, ujumbe unawekwa kwenye hifadhidata iliyo ndani ya simu yenyewe, pamoja na nambari yake ya utambulisho, anayepelekewa, wakati ulipoandikwa, na hali yake: unangoja. Kwenye simu kazi hiyo mara nyingi huangukia SQLite, hifadhidata ndogo iliyotolewa na Richard Hipp mwaka 2000, ambayo leo imo katika kila simu ya Android na iPhone. Sifa yake ninayoipenda ni kwamba andiko likishathibitishwa humo, hata betri ikizima sekunde inayofuata, utalikuta pale simu ikiwaka tena. Basi ujumbe usionekane kwenye kioo kama uliopokelewa kabla haujaandikwa. Programu inayouonyesha mapema inamwahidi mtu kitu ambacho yenyewe haijakishika, na mtu huyo ataizima simu yake kwa amani, akidhani amesema.

Halafu kuna mfuatano. Mtu yuko na mzee hospitalini Murang'a, anawaandikia nduguze walio Nairobi: Baba amelazwa. Daktari ameshamwona. Tunarudi naye nyumbani jioni. Jumbe hizo tatu zikifika kinyume, ukoo mzima utapanda gari usiku, kwa sababu neno la mwisho walilosoma ni kwamba mzee amelazwa. Lakini foleni moja ngumu ya kila kitu ni kosa pia. Mtu huyohuyo akiwa ametangulia kutuma video ya harusi kwenye kundi la chama, na mtandao unasuasua, video itaziba njia na habari za hospitali zitakaa nyuma yake. Kwa hiyo mafundi hutenganisha. Kila mazungumzo yana mfuatano wake. Faili kubwa hupitishwa pembeni, kipande kwa kipande, ili mtandao ukikatika kazi ianzie ilipoachia. Faili likishafika lote ndipo ujumbe mfupi unaolitaja unapoingia foleni. Mfuatano unalindwa mahali unapobeba maana na kuachiliwa mahali usipobeba. Hesabu haitakuambia ni wapi. Atakuambia anayewajua watu watakaoshika simu hiyo.

Ujumbe ukishindwa kwenda, ujaribiwe tena lini? Ukijaribiwa kila sekunde, betri itaisha kabla gari halijapanda mlima, na bando nalo litaliwa na majaribio matupu. Kwa kawaida simu huongeza subira kila inaposhindwa: sekunde moja, mbili, nne, nane, hadi kikomo fulani. Mtandao ukirudi na simu ikapata habari, haingoji zamu, inajaribu hapo hapo. Mpaka hapa mtu yeyote makini angeweza kufika mwenyewe. Jambo linalofuata ndilo lililohitaji watu waliokwisha kuumwa: juu ya kila subira huongezwa kiasi kidogo cha bahati nasibu, ili simu mbili zilizoshindwa pamoja zisirudi pamoja.

Umuhimu wake ulionekana tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Agizo moja lililotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida lilikata viungo vya uti wa mgongo wa mtandao wa kampuni, na njia za kuzifikia seva zake zikafutika kwenye intaneti. Kwetu ilikuwa jioni, saa ya watu kurudi nyumbani. Makundi ya chama, ya kanisa, ya matanga yalinyamaza kwa pamoja, na ndani ya kila simu saa ndogo zikapanga mstari. Tulioko huku mwisho tulihangaika na ule ukimya. Wahandisi wa kampuni, kama walivyoeleza baadaye, walikuwa wakihofia pia kuamka: wakiwasha kila kitu kwa mpigo, wimbi la watu wanaorejea lingeweza kuziangusha huduma upya. Wakazirudisha hatua kwa hatua. WhatsApp pekee ilikuwa na watumiaji zaidi ya bilioni mbili. Fikiria simu zote hizo, kila moja na foleni yake, zikigonga mlango mmoja kwa mdundo mmoja. Ile bahati nasibu ndogo, ambayo kwenye programu huwa mstari mmoja tu, huutawanya mgongano huo. Mimi huiona kama adabu iliyoandikwa kwa hesabu: simu iliyo Kenol inazipisha simu za Lagos na São Paulo ambazo haitazijua kamwe.

Shida kubwa kuliko zote bado sijaigusa. Mwaka 1978 Jim Gray, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, aliisimulia kwa mfano wa majenerali wawili. Ni wa jeshi moja, wamepiga kambi kwenye vilima viwili, na adui yuko bondeni katikati. Wasiposhambulia pamoja watashindwa. Wa kwanza anatuma mjumbe: kesho alfajiri. Mjumbe lazima avuke bonde, na huenda akakamatwa. Akifika, wa pili anatuma jibu: nimepata. Je, yeye atajuaje kwamba jibu limefika? Anahitaji jibu la jibu, na mwenzake atahitaji jibu la hilo. Imethibitishwa kihesabu kwamba hakuna idadi ya majibu itakayotosha. Aliyekulia migongo ya Murang'a anaiona picha hiyo bila kuchorewa. Wazee wake waliiishi katika vita vya ukombozi vya miaka ya 1950, maagizo yalipobebwa kwa miguu kati ya vijiji na msitu wa Nyandarua, na aliyemtuma mjumbe akabaki hajui kama amefika au ametiwa mbaroni.

Simu yako imo katika hali hiyohiyo kila gari linaposhuka bondeni. Imetuma, imengoja jibu la seva, jibu halikuja. Ama ujumbe ulipotea ukienda, ama ulifika na jibu ndilo lililopotea likirudi. Ukiwa upande wa simu huwezi kutofautisha. Ukinyamaza, huenda umempotezea mtu neno lake; ukituma tena, huenda akalisoma mara mbili. Mafundi hawakuishinda hesabu. Walichofanya ni kuufanya urudiaji usiwe na madhara. Ile nambari ya utambulisho iliyotolewa ujumbe ulipoandikwa kwa mara ya kwanza inabaki ileile katika kila jaribio. Seva ikiiona nambari iliyokwisha kuipokea, inajibu tu kwamba imepata, bila kuuandika ujumbe mara ya pili. Simu inakuwa huru kurudia hadi ijibiwe. Anayeanza kazi hii hukosea hapa: huiacha programu itoe nambari mpya kwa kila jaribio, na katika ofisi yenye mtandao mzuri kosa hilo halitaonekana kamwe.

Ujumbe uliorudiwa ni kero. Pesa zilizorudiwa ni balaa. M-PESA ilipoanza Machi 2007 ilitegemea SMS za uthibitisho, na kila muamala ukapewa msimbo wake wa herufi na tarakimu, ambao mpaka leo mtu humsomea mwenzake kwa simu kama ushahidi. Kila aliyewahi kusimama mbele ya mhasibu wa shule, ametuma karo na uthibitisho haujaingia, ameonja tatizo la majenerali. Na watu wa kawaida wamepata wenyewe jibu la kifundi: usitume tena, angalia salio kwanza. Mama anayeuza maembe stejini Kenol humwambia hivyo mteja aliyetaharuki. Ameelewa kwamba kutojibiwa si sawa na kukataliwa. Nimekutana na programu zilizoandikwa na wasomi ambazo hazijui tofauti hiyo.

Nafika kwenye tiki, na hapa ndipo ninapoiheshimu kazi hii kuliko popote. Saa ndogo inasema: ninao, haujatoka. Tiki moja ya WhatsApp inasema: seva imeupokea. Tiki mbili: umefika kwenye simu ya mwenzako. Rangi ya buluu, iliyoongezwa Novemba 2014, inasema umefunguliwa. Hakuna alama inayodai zaidi ya ilichothibitishiwa. Ukimkabidhi karani wa ofisi ya matatu Nairobi kifurushi kishushwe Kenol, risiti yake inasema amekipokea, na kuhusu Kenol haisemi neno. Tiki moja ni risiti hiyo. Ingekuwa rahisi, na ingewapendeza wengi, kuweka alama ya mafanikio mara kidole kinapogusa kioo. Kuna programu zinazofanya hivyo, na mtu hujua baada ya siku mbili kwamba alichokisema hakikusikika.

Desturi hii ya kupokea, kuhifadhi na kupeleka ni ya zamani kuliko WhatsApp. SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na tangu hapo kituo cha SMS kimekuwa kikiuhifadhi kwa muda ujumbe wa mtu aliyezima simu, aupate akiiwasha. Waanzilishi wa WhatsApp, Jan Koum na Brian Acton, walipoanza mwaka 2009, seva zao zilijengwa kwa Erlang, lugha iliyobuniwa katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi kwa ajili ya mitambo ya simu. Ndani yake kila mchakato una sanduku lake la barua, na haugusi kitu cha mwingine, huutumia ujumbe tu. Seva hizo huuweka ujumbe usiofikishwa kwa siku 30, ukiwa umefungwa kwa namna ambayo zenyewe haziwezi kuusoma, kisha huufuta. Simu ya yule ambaye amekuwa hapatikani kwa wiki tatu, kwa sababu kioo kilivunjika akingoja malipo ya kahawa, ikiwaka atayakuta maneno yote yakimngoja, na kwa mpangilio wake.

Foleni nzuri inajua pia kukubali kushindwa. Kikomo kikifika, iseme wazi kwa alama nyekundu, na maneno yabaki pale ili mwenyewe aamue. Hapa nina lawama kwa programu nyingi. Mtu akiandika "niko stejini Kenol, nipitie," maneno hayo yana uhai wa nusu saa. Yakitoka kwenye foleni usiku, yatamtoa nyumbani dereva wa boda kumfuata mtu aliyekwisha kufika kwake. Mtumaji anastahili njia rahisi ya kuuondoa ujumbe ukiwa bado na saa ndogo, kabla haujatoka, na mwenzake asione hata kivuli cha kilichofutwa. Kiufundi si kazi kubwa, kwa kuwa ujumbe bado uko nyumbani kwake. Kinachohitajika ni mtu wa kukumbuka kwamba maneno mengine huchacha.

Vijana wanaosomea kazi hii katika vyuo vikuu vya Murang'a na vya Nyeri wana bahati ambayo wenzao wa miji mikubwa hawana: maabara yao iko nje ya mlango. Wapande matatu Kenol na programu zao, waelekee Kangema. Watume jumbe ishirini zenye nambari kuanzia moja, wachanganye na picha nzito. Bondeni waizime simu kwa nguvu katikati ya kutuma, waiwashe mgongo unaofuata. Wabadilishe laini njiani. Kisha waifungue simu ya pili, iliyobaki stejini, na kuzihesabu: je, zimefika zote ishirini, kila moja mara moja, ya saba baada ya ya sita? Na kama kuna ambayo haikufika, je, simu iliyotuma imesema wazi kwamba haikufika? Programu ikipita hapo, hata asiyejua kuweka rangi vizuri ameshakuwa fundi.